Nani Atakusubiri Nje?

Shemsa shoga yangu, ni saratani. Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Imo mwisho wa utumbo mpana, bado changa.

Na daktari unajua nani? Muhiddin! Yule mwanafunzi wangu aliyezirai tulipopasua chura.

Nilivaa nikabu nisijulikane. Nimelala kiubavu, nimeelekea ukutani, yeye nyuma yangu ananipima, anaguna tu, "mhm, mhm." Nikamwambia ajibu kwa sentensi kamili. Kisha nikasikia: "Shikamoo, Bi Khawla."

Nikaitika marahaba. Marahaba, Shemsa, katika hali ile!

"Tumbo hatulipasui," kasema. "Tunapitisha vifaa huku huku chini, tunautoa uvimbe peke yake. Mfuko wa kukingia choo tumboni hutauvaa." Nikamuuliza, na mkiupima mkakuta umepenya ndani zaidi? "Hapo itabidi upasuaji mkubwa, mwalimu. Sikufichi." Jibu sahihi, ningempa alama zote.

Halafu akauliza: "Siku hiyo nani atakusubiri nje?"

Nikajitia kutengeneza nikabu. Nyumbani nshawaambia ni bawasiri, na kaka yangu Zahran kacheka mpaka kapaliwa. Kwetu sehemu hiyo haitajwi, sembuse saratani yake.

"Nani, mwalimu?"

Nikataja jina lako. Akaomba nambari, nikampa. Alipoona ni ya huko kwako Maskati, ng'ambo, akaniangalia, kisha akaiandika hivyo hivyo.

Upasuaji ni Jumatatu. Akikupigia, pokea tu. Sikuwa na nambari nyengine ya kumpa.