Sinia Moja na Balozi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Jua kuwa Birmingham nzima hakuna mwanamme anayemfikia mumeo. Jumapili nilimkalisha Balozi chini, mkekani, na akatii. Mpelekee habari yule mwalimu aliyesema sitokuwa mtu.

Magoti yako yanaendeleaje? Na Rukia anayekusomea asiruke neno, namjua. Mie mzima. Bado napakia masanduku kiwandani Aston, baridi imenifanya mikono kama ya kobe.

Bibi, siasa za nyumbani tumepanda nazo ndege. Wazanzibari wa hapa ni mafungu mawili. Sisi wa Ami Suleiman tuko Handsworth, wa Mzee Haji wako Aston, hata kuzikana hatuzikani. Na Mzee Haji ndiye babake Zuwena, yule uliyeona picha yake ukasema ana miguu ya kuku. Nilipotuma mtu kuulizia posa, mzee alijibu: "Siku watu wake watakapokula na mie sinia moja, na aje."

Kwa hivyo niliposikia Balozi wetu anatoka London kuja kutupatanisha, nikajitwika shughuli yote. Ukumbi tulikodi Perry Barr, si kwao si kwetu. Meza nilizikataa, maana ukiwapa watu hawa sahani, kila mmoja atakimbilia kona ya wenziwe. Nikatandika mikeka, sinia watu wanne, wawili wao, wawili wetu. Langu tu ndilo lililokuwa na mgeni: mie, Balozi, Mzee Haji na Ami.

Balozi alihutubia, hakuna aliyepiga kofi. Akawa anajifuta jasho na baridi yote ile. Nikamwambia, "Mheshimiwa, vua viatu, pilau linapoa." Wakacheka, pande zote mbili. Nikamnawisha kwa mkono wangu.

Tukakaa. Mzee Haji akachambua nyama, kipande kinono akaniwekea mbele yangu.

"Kula, kijana. Inaonesha huko kwenu hulishwi."

"Nalishwa, mzee, ila mpishi wetu hamfikii wa nyumbani kwako."

"Na wa kwangu umemjulia wapi?"

Balozi alicheka mpaka akapaliwa. Nikajiona bwana harusi.

Ami Suleiman alikuwa bado mlangoni, na viatu vyake mguuni. "Inuka, twende," akaniambia. Balozi akaupigapiga mkeka kwa mkono: "Mzee wangu, nafasi yako hii hapa." Ami hakumtazama. Watu wetu wakaanza kuinuka, sinia moja baada ya jingine, na Balozi akabaki na mkono wake mkekani.

Zuwena hapokei simu yangu tena. Zile kanga ulizomnunulia, mpe Rukia.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Msalimie mjomba Bakari fundi cherehani, na shangazi Mwanaidi aliyeniuguza nilipokuwa naumwa. Wakiuliza kilichoharibika, waambie Ami ni mkali, naye ndiye anayenipa pa kulala. Wao itawatosha.

Wewe nakwambia kweli. Ami hakunigusa. Alisema neno moja tu, tena kwa upole. Kile kipande cha nyama nilikuwa nimeshakiokota. Nilikirudisha siniani, mbele ya Mzee Haji, ndipo nikainuka.

Mumeo asiye na mke,
Juma