Kadi Zangu za Dhahabu na Karatasi za Baba Karimi

Meru mjini. Jumatano, Desemba 1995.

Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Miguu yangu ni baridi lakini moyo umechangamka, kwa hivyo naandika haraka kabla sijasahau mambo yalivyofuatana.

Nianze na shida yenyewe. Mashine ya kufuma iliyo dukani kwangu si yangu. Ni ya dada yangu mkubwa, Wanja, anayekaa Embu. Aliniazima nilipoacha kazi ya ukarani, akaniambia niitumie mpaka mwisho wa mwaka, tuone. Sasa kuna mwanamke wa Runyenjes anayetaka kuinunua, na Wanja anataka jibu Ijumaa hii. Kama nina kazi ya kutosha, mashine ibaki. Kama sina, anakuja kuichukua. Hakusema kwa ubaya. Mashine isiyofuma hushika kutu, na oda zangu za sweta za shule mpaka juzi ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Bila mashine sina duka. Ni hivyo tu.

Ndiyo maana nikasema nitangaze biashara, na hapo ndipo vita vilipoanza nyumbani. Vita vya maneno tu, maana mume wangu Mutwiri hajui kukasirika kwa zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

Mutwiri, ama Baba Karimi kama majirani wanavyomwita, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mwalimu hakuna kitu kisichoweza kutengenezwa nyumbani. Alisema kumpelekea mpiga chapa kazi ya vikaratasi ni kutupa pesa. Akapiga maneno kwa taipureta juu ya stensili, akaunda fremu ya mbao, akaivalisha kitambaa chembamba, akaanza kupitisha rola ya wino juu ya meza tunayolia chakula. Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi yote. Ya pili ilikuwa na alama ya kidole chake, kubwa kuliko neno "sweta". Kufikia jioni zilikuwa zinasomeka, ukiziinamisha kidogo kwenye mwanga. Wino ulikuwa kwenye kitambaa cha meza, kwenye sufuria ya maziwa na kwenye mlango wa choo, na mpaka leo hajanieleza ulifikaje huko.

Mimi nilikataa. Nilitaka kitu cha heshima. Mimi si mtu wa hapa. Niliolewa kutoka Embu, na hata leo nikiongea Kimeru sokoni watu hutabasamu kabla sijamaliza. Niliona karatasi chafu itawaambia kwamba na sweta zangu ni hivyo hivyo. Basi nikaenda kwa mpiga chapa, mzee mpole mwenye miwani mizito, ambaye nadhani amechapisha nusu ya kadi zinazozunguka mji huu. Akanitolea sampuli. Nikachagua karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, na maua ya dhahabu pembeni.

"Niweke na laini ya jina?" akaniuliza.

Nikasema weka. Niliona ni jambo la kistaarabu, kila mteja aandikiwe jina lake kwa mkono.

Nilikaa jioni mbili nikiandika majina. Mwandiko wangu ni mzuri, wacha niseme ukweli. "Bi. Nkirote." "Mwenyekiti na Kikundi cha Akina Mama, Kibirichia." Chini yake, kwa herufi za kuchapishwa, unakaribishwa kwa moyo mkunjufu katika duka la sweta, na maelezo ya mahali. Nilipomaliza nilizipanga mezani nikaziangalia kama mama anayeangalia watoto wake wakiwa na nguo za Krismasi. Mutwiri akakuna kidevu, akakubali kwamba ni maridadi. Hata yeye hakuona.

Jumamosi nikaenda nazo soko la Gakoromone.

Nkirote, anayeuza nyanya pale sokoni, ni rafiki yangu. Aliponiona na kadi mkononi alianza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Jirani yake wa viazi aliinamia gunia na hakuinuka mpaka nikapita. Mwingine alinipokea kwa mikono miwili, akasoma jina lake tu, akaitia kadi kifuani na kusema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mwezi huu ni mgumu, lakini tutaona." Nilishangaa. Tutaona nini? Nilimpa mke wa mchungaji wa Kibirichia, kule juu mashambani, kadi ya kikundi awapelekee akina mama kesho yake, nikarudi nyumbani nimenywea. Nilimwambia Mutwiri kwamba watu wa hapa hawanitaki. Nilisema kwa uchungu, na nikalala bila kula.

Zile karatasi zake nazo hazikwenda alikotaka, na sikusikitika sana. Alimpa muuza njugu karibu na stendi azigawe, na muuza njugu, kuona karatasi nyembamba kiasi kile, akafungia njugu. Ila Jumatatu aliingia dukani mzee mmoja wa Kanyakine, ameshika karatasi iliyokunjwa na chembe za chumvi bado ndani, akauliza kama ndipo hapa. Akaagiza sweta moja ya mjukuu. Tangu hapo Mutwiri anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Jana jioni alichapisha nyingine, Karimi wetu akimsaidia, na mtoto akaamka leo na wino kwenye paji la uso.

Sasa leo.

Saa nne hivi mlango ulifunguliwa, wakaingia akina mama wawili kutoka Kibirichia, leso zao zimelowa. Mmoja ni Mama Murithi, mwenyekiti wa kile kikundi, wa umri wa mama yangu. Wa pili ni Kendi, mweka hazina, mdogo kwangu kwa miaka lakini mkubwa kwa maneno. Nje walikuwa wameshusha gunia la viazi. Mama Murithi hakukaa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Muga, Mama Karimi," akanisalimu. "Pole sana."

Nikasema asante, maana ndivyo mtu hujibu pole. Halafu nikauliza pole ya nini.

"Hiyo ndiyo tulikuwa tunaulizana kwa gari," akasema Kendi. "Hii kadi yako haikusema. Ni hospitali ama ni mambo ya shule?"

Akafungua fundo la leso na kuiweka mezani. Ndani zilikuwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, na sarafu.

Mama Murithi alikuwa na kadi yangu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliiona kama walivyoiona wao. Karatasi ngumu, maua ya dhahabu, jina lililoandikwa kwa mkono juu ya mstari wa nukta. Huku kwetu kadi ya namna hiyo ni moja tu, kadi ya harambee. Ukiletewa, husomi zaidi. Unajua kuna mgonjwa, ama mtoto amepata nafasi ya shule, ama kanisa linataka paa, na unaanza kutafuta cha kutoa ama pa kujificha. Mzee mpiga chapa alinifanyia kazi nzuri, ile ile anayomfanyia kila mtu.

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru changu cha Kiembu, nikionyesha sweta ukutani. Nilitamani kujifunika gunia. Kendi aliangalia kadi, akaangalia sweta, akaangua kicheko mpaka akashikilia mlango. Mama Murithi hakucheka.

"Kwa hivyo hakuna mgonjwa."

"Hakuna, mama."

"Na mtoto?"

"Ni mzima. Ako tu na wino kwa uso."

Hapo naye aliketi, akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

Niliwasukumia leso yao, na hapo ndipo ilipotokea shida ya kweli. Mama Murithi alisema hizo pesa haziwezi kurudi. Kikundi kilizitoa Jumapili baada ya ibada, zikaombewa, zikatoka. Pesa iliyoombewa ikirudi nyumbani utailaje? Nami nikasema siwezi kupokea mchango wa ugonjwa ambao sina. Leso ikawa inakwenda na kurudi juu ya meza, kila mtu akiogopa kuachiwa. Kendi ndiye aliyetuamua.

"Si ziwe za sweta? Watoto wetu wote wanaingia shule Januari, na kule juu ni baridi. Mungu hana shida na sweta."

Mama Murithi alifikiri. Akasema kama ni za watoto, maombi hayajapotea. Akaniuliza kama naweza kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, watoto wote wa kikundi, na kinachobaki walete wakija kuchukua. Nikasema naweza. Sikujua kama naweza. Lakini tulipoandika vipimo, kalamu yangu ilitembea mpaka mkono ukauma, na nikaona wazi kwamba sitapumzika hata Krismasi.

Mashine haiendi Runyenjes.

Nimejaribu kumpigia Wanja kwa simu ya duka la dawa hapa jirani, laini ikakatika nikiwa bado namweleza habari ya gunia la viazi. Mutwiri aliporudi na kusikia habari alicheka mpaka akatoka nje. Anasema kadi zangu na njugu zake zimetoka sare. Mimi nasema mara nyingine tutaenda kwa yule mzee mpiga chapa, karatasi ya kawaida, bila maua wala laini ya jina, na yeye anasema fremu yake bado ni mpya. Tutagombana tena, najua.

Lakini kuna jambo narudia kuliwaza tangu mchana. Nilisema watu wa hapa hawanitaki. Siku moja tu baada ya kusema hivyo, wanawake wa mashamba ya viazi, wanaonijua kwa jina na pengine kwa sura, walifungua mafundo ya leso zao kwa ajili ya shida yangu. Hawakujua ni shida gani. Walitoa kwanza, ndipo wakashuka kuuliza. Naona aibu, na nina furaha, na sijui ni ipi iliyozidi.

Jambo la mwisho, kisha nifunge. Walipokuwa wanaondoka, Mama Murithi alirudi kutoka mlangoni. Akaiweka kadi yangu juu ya mashine, akainyoosha kona iliyolowa.

"Hii tunakurudishia," akasema. "Siku ukipata shida ya kweli, tuletee hii hii. Usiende kuchapisha ingine."

Nimeiweka kabatini, jina lao liko juu yake tayari. Kesho naanza na uzi wa kijani.