Hatua Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Nyegezi kuna joto lile la kabla ya mvua, na mdomo wangu wa chini umevimba hadi chai imenishinda. Naandika kwa simu ya dada yangu, kwa sababu yangu imepondwa kwa jiwe.

Leo nimepigana. Mimi, mwanafunzi wa jiografia wa wiki moja.

Jumatatu nilijiunga na kozi ya chuo kwa mtandao. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye cherehani nikishona sare za kwaya na magauni ya sendofu za kuwaaga mabibi harusi, na miaka yote hiyo jiografia ilinikaa moyoni, maana ndilo somo nililolipenda kabla mimba haijanizuia kwenda chuo. Nikaapa safari hii hakuna wa kunitoa. Mkufunzi ameshasema wazi: asiyeleta zoezi la kwanza anaondolewa. Mwisho ni kesho saa sita mchana.

Zoezi lenyewe: chora ramani ya njia kutoka nyumbani kwako hadi kwenye maji yaliyo karibu, pima kwa hatua, na kila hatua thelathini weka alama. Kulikuwa na video ya utangulizi. Niliiruka, inakula bando, na mimi nilijiona najua. Nikachonga vigingi, kila kimoja nikakifunga kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare za kwaya, nikatoka asubuhi na daftari.

Kati ya nyumba yangu na ziwa kuna bustani ya Mama Kulwa: mchicha, chainizi, na nyanya chache pembeni ya jiwe kubwa. Ni mama wa mapacha, mtu mzima, jirani yangu tangu nihamie. Mwaka juzi walikuja watu na kamba na vigingi vya vitambaa vyekundu, wakapima mita sitini kutoka ufukweni, eneo ambalo sheria hairuhusu kulimwa, na wiki iliyofuata bustani nzima iling'olewa. Akapanda upya. Tangu hapo anamkazia macho kila anayeshuka ziwani. Yote haya nayajua. Nilikuwepo, nilimsaidia kuokota nyanya mbichi.

Na bado nikapita.

Alikuwa ameinama anapalilia. Nilipomaliza kugonga kigingi cha saba mbele ya tuta lake, aliinua kichwa akasubiri nimwamkie kama kila siku. Mimi niko kwenye hatua ya mia mbili na kumi na moja. Nikifungua mdomo kusema shikamoo, hesabu inapotea, nirudi kuanza nyumbani na jua lile. Nikapita kimya, macho chini, midomo inahesabu. Na kumi na mbili. Na kumi na tatu.

Mtu anayegonga kigingi chekundu shambani kwako bila hata salamu, wewe ungemfikiriaje?

"Milembe! Na wewe wameshakununua?"

Nikanyoosha mkono, yaani subiri kwanza. Mkono! Kwa mtu wa umri wa mama yangu. Mpini wa jembe ukanipata mgongoni, wa pili begani, nikaanguka na simu ikaruka. Akaifuata. Akaokota jiwe akaipondaponda mpaka kioo kikawa unga, huku akipiga yowe kwa Kisukuma kwamba wapimaji wamerudi. Kozi yangu yote ilikuwa mle.

Hapo nikaona giza. Ningeweza kukimbia. Ningeweza kusema ni zoezi tu la chuo. Sikusema. Nilimrukia, nikamvuta kilemba, nikamng'ata mkono, naye akanipiga kichwa cha mdomo. Tukagaragara kwenye chainizi kama mbwa. Nikaliokota jiwe lile lile lililovunja simu yangu, nikampiga nalo mdomoni.

Nilisikia meno.

Niseme ukweli, maana pa kuusema ni hapa tu: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilitaka kurudia, na mkono ulishakuwa juu. Kilichonizuia si huruma, ni Doto, binti yake, aliyenikaba shingo kwa nyuma mpaka nikaachia jiwe. Watu wa bustani za jirani wakafika na mafyekeo, mmoja akasema huyu tumtupe ziwani. Walikuwa hawatanii, walishanishika miguu.

Doto akapiga kelele, "Mwacheni! Namjua, ni fundi wangu. Kanishonea gauni la harusi."

Wakaniachia. Nilipogeuka nyuma, Mama Kulwa alikuwa amekaa juu ya tuta, meno mawili kiganjani, anayaangalia. Hakulia wala hakunitukana. Jamani, bora angenitukana.

Dada alinisafisha, akanipa simu yake. Nikaingia kwenye kozi, nikafungua ile video. Dakika ya kwanza kabisa mkufunzi anasema: kabla hujapima chochote, wasalimie wenyeji, jieleze, omba ruhusa. Dakika ya kwanza! Nilicheka kwa hasira mpaka mdomo ukapasuka tena.

Ramani nimeanza kuichora kwenye daftari. Njia ipo, jiwe kubwa lipo, bustani ipo. Imefika hatua ya mia mbili na kumi na tatu, imekwama hapo, ziwani sijafika. Na chini ya fomu ya zoezi kuna mstari ambao sikuwa nimeuona: Jina la mwenyeji aliyekuruhusu kupima. Niliandika Mama Kulwa. Nikakaa nikiuangalia uongo ule, mdomo unaniuma, halafu nikafuta.

Sina jina lingine la kuandika pale.

Kesho asubuhi, kabla ya misa, nitakwenda. Huenda wakanipokea kwa mipini, na sitakuwa na la kulalamika. Naogopa, tena sana, lakini sioni njia nyingine ya kufika ziwani. Nitasimama penye kigingi cha saba nimwambie shikamoo, mama. Marahaba, kama ipo, itatoka kwenye mdomo nilioupasua mimi.

Nitaisubiri. Na safari hii sitahesabu.