Wezi wa Maua ya Mama

Munshipara, Rangpur
23 Februari 2017

Mpendwa mdogo wangu Ranju,

Salamu tele kutoka nyumbani. U hali gani na baridi ya huko Leicester? Kifua kimepona, au bado unatoka bila sweta kwa ukaidi wako? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Najua unataka kwanza habari za Mama. Tangu tumzike Baba alikuwa hajafungua kinywa. Ukimuuliza kama atakula, anatikisa kichwa tu. Ulipompigia simu, ile pumzi uliyoisikia ndiyo ilikuwa salamu yake. Daktari alisema koo ni zima, tumpe muda. Nisikufiche, niliogopa sana.

Basi ikafika juzi, siku ya kuwakumbuka mashahidi waliouawa wakiitetea lugha yetu. Unakumbuka watoto wa mtaa wanavyoruka ukuta wetu alfajiri kuiba maua ya kupeleka kwenye mnara wa mashahidi, na Mama anavyowafokea mpaka barabara kuu? Mwaka huu hakuja hata mmoja. Waliheshimu msiba, wakanunua maua sokoni. Mama akakaa barazani akiyatazama maua yake ya dalia yote yamesimama, machozi yanamtoka. Iliniuma.

Nikatoka peku, nikawakuta wanapanga mstari wa maandamano, nao peku vilevile, kama desturi ya siku hiyo. Nikamkabili Jhumur, yule binti wa fundi cherehani.

"Nyie, mmekuwa wastaarabu tangu lini? Njooni mwibe!"

"Shangazi, bibi atatuua!"

"Ndicho ninachotaka. Haya, twende!"

Wakaruka ukuta wote kwa pamoja. Jhumur akaishika ile dalia nyekundu aliyoipanda Baba, akaivunja karibu na ua lenyewe. Mama akainuka.

"Wee Jhumur! Hiyo mikono ya mtu au meno ya mbuzi? Kaipanda babu yako hiyo! Kata chini, shina refu! Mashahidi unawapelekea vipande?"

Watoto wakatimua mbio wakicheka. Mimi nikakaa palepale kwenye matope, nikalia kwa furaha. Kisha Mama akavua kandambili, akaiokota ile dalia ya Baba aliyoiangusha Jhumur, tukaungana na watoto kwenye maandamano hadi mnarani. Njia nzima alikuwa akimfundisha Jhumur kukata maua.

Msalimie sana mkeo Parul, na umbusu Mithi kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mama yuko nyuma yangu hapa, anasema mwandiko wangu mbaya na upige simu Ijumaa. Piga, Ranju. Ila tafuta kiti kwanza, maana ana mengi.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Nilufa