Jasho Lisilokauka

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya duka la dobi.
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote, hujambo? Shemeji hajambo? Na wale wawili, Chiriku na Bonge, wameshaacha kugombea kitanda cha juu? Kifua cha mama mkwe wako kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima kwa kiasi, na hicho "kwa kiasi" ndicho kilichonishikisha kalamu. Usikimbilie mwisho wa barua, soma taratibu. Mama yuko salama. Hilo nalisema mapema ili roho yako itulie.

Barua hii kakuletea Mama mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake. Anajua kilichomo, kwa hiyo usiisome kwa kujificha chooni kama ulivyokuwa ukisoma barua za shemeji.

Jana nilipokupigia kukwambia Mama anapanda basi la Jumamosi, ulipiga kelele mpaka mteja aliyeleta suti akageuka kunitazama. Ukaniuliza, "Kumbe amekubali, Dada! Umemshawishi vipi?" Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Niliogopa swali lako. Kwa simu ningetafuta njia ya kujikosha, lakini kalamu haikatiki katikati.

Nianze na wivu, maana ndio mzizi. Tangu ulipohamia huko kupima ardhi, Mama ana wimbo mmoja tu mdomoni. Fundi cherehani wa jirani ameusikia, muuza mkaa ameusikia, na wateja wangu wanaosubiri suruali zao wameusikia: "Binti yangu anasimama kwenye jua la nyuzi arobaini na moja, na kazi anafanya." Kila jioni redio ikitaja hali ya hewa ya kwenu, anatikisa kichwa na kusema maskini mwanangu. Ikifika zamu ya huku, thelathini na mbili, ananitazama kana kwamba mimi naishi ndani ya friji.

Mimi! Ninayesimama tangu asubuhi kati ya pasi mbili na sufuria la maji ya moto, ninayerudi nyumbani gauni limenigandia mgongoni kama nimeopolewa kisimani. Hakuna siku niliyoitwa maskini.

Halafu ukatuma ile picha. Unaikumbuka, umesimama na kile chombo chako cha miguu mitatu, nyuma yako ardhi tupu inameremeta? Mama aliona jua. Mimi nikaona shati. Mdogo wangu, mimi ni dobi, macho yangu hukimbilia nguo kabla ya mtu. Shati la mikono mirefu, saa saba mchana, na kola imesimama wima! Kwapani pakavu! Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Nikajiambia, huyu anadanganya watu na arobaini na moja yake. Huyu anastarehe, na bado anasifiwa.

Sasa shika moyo.

Mwezi wa kwanza ulinipigia ukasema, "Dada, mwambie Mama aje akae kwangu mpaka msimu wa joto la huko upite. Nyumba yetu ina kuta nene, na jioni kunapoa." Simu yake ilikuwa imeingia maji, ukawa unampata kupitia yangu. Nikakuahidi nitamwambia.

Sikumwambia.

Ulipouliza baada ya siku tatu, nilikwambia, "Mama amekataa. Anasema hawezi kuacha nyumba yake." Kisha ukasema, "Haya, Dada. Mwambie nimesikia." Nilisikia sauti yako ilivyovunjika. Na tusidanganyane, kwa muda mfupi moyo wangu ulipata raha. Nilisema kimoyomoyo, nawe onja. Hilo linanitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Baada ya hapo ulizungumza naye mara nyingi na hukuligusia tena, maana wewe tangu utoto huumia kimya. Naye Mama alikuwa akiumia upande wake. Siku moja akikunja taulo aliniuliza nyumba yako ina vyumba vingapi. Nikasema vitatu. Akaguna, akaendelea kukunja. Nilijua anachouliza si vyumba. Nikamwacha aamini kwamba una vyumba vitatu na hakuna hata kimoja ulichomfikiria yeye.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ninayefua nguo za mtaa mzima ndiye niliyekuwa nguoni mwenu nikiwala wote wawili.

Jumanne ya wiki iliyopita ndipo mambo yalipofikia pabaya. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kisha asubuhi hiyo jua likatoka ghafla na kila kitu kikaanza kufuka, ukuta, udongo, mapaa. Upepo haukuwepo kabisa. Nilikuwa na mashuka ishirini ya nyumba ya wageni ambayo tangu Jumapili yalikuwa yamekataa kukauka. Kamba za uani zilikuwa zimejaa, nikayaleta nyumbani, nikayatundika kwenye chumba cha Mama kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilipokuwa nafunga viatu aliniita. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

"Mwanangu, leo hewa nzito. Ni kama napumulia ndani ya blanketi bichi."

Ningeweza kuyatoa yale mashuka. Ingenichukua dakika tano. Badala yake nilimjibu, "Nyuzi thelathini na mbili tu hizi, Mama. Mwanao yuko kwenye arobaini na moja wala halalamiki." Nilikuwa nimeitunza sentensi hiyo kwa muda mrefu nikiitafutia siku yake. Nikaenda kazini nikijiona nimeshinda.

Saa nane mchana fundi cherehani aliingia dukani mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. "Dobi, njoo! Mama hasimami!" Niliiacha pasi juu ya shati la mtu. Shati liliungua, na mwenyewe ameshaninunia, lakini hayo ni mengine.

Nilimkuta sakafuni katikati ya mashuka. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa, uso umekuwa wa majivu, na maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande. Nilipomwinua alinishika mkono kwa nguvu, akaniita kwa jina lako. Hata pale, mdogo wangu, mama yangu amelegea mikononi mwangu, nilisikia kitu kikinichoma kifuani. Sijui niliumbwaje.

Tulimbeba na fundi mpaka zahanati. Nesi wa zamu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Walimlaza chini ya feni, wakampangusa kwa vitambaa vya maji, wakamtundikia dripu. Mimi nikabaki nabishana kama mjinga. Nikasema, "Lakini kipimajoto kinasema thelathini na mbili. Nina mdogo wangu anaishi kwenye arobaini na zaidi, na shati lake halilowi."

Nesi hakunifokea. Alinipaka maji kiganjani, akanipulizia.

"Unasikia nini?"

"Ubaridi."

Akanivisha glavu ya mpira juu ya mkono uleule, akapuliza tena. "Sasa je?"

Sikusikia kitu. Maji yalikuwepo, mkono umelowa, na ubaridi haukuja. Akaniacha na glavu ile kwa muda, mkono ukaanza kupata joto na kutoa jasho lake juu ya yale maji.

"Jasho lenyewe halimpozi mtu," akasema. "Kinachompoza ni kule kukauka kwake. Kwa mdogo wako hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hajaliona. Ndiyo maana shati kavu. Huku hewa imeshiba maji, haina pa kuweka mengine. Mama yako amelowa tangu asubuhi na mwili haujapoa hata kidogo. Alikuwa amekaa wapi?"

Nilimwambia kuhusu mashuka. Akaivua glavu mkononi mwangu, akarudi kwa Mama.

Miaka kumi na tisa nakausha nguo, mdogo wangu. Mtu akiniamsha usingizini nitamwambia kwa kunusa tu kama leo shuka litakauka kwa saa moja au kwa siku mbili. Na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba siku ambayo shuka halikauki, na mtu hakauki. Mama alinieleza kwa maneno ya dobi kabisa, blanketi bichi, nami nikamjibu kwa namba ya redio.

Kesho yake rangi ilimrudi. Nilimkuta ameegemea mto anamgombeza nesi kwamba uji umepoa, nikajua amepona. Nilimlisha vijiko vichache, kisha akasema bila kunitazama, "Mdogo wako akisikia nimelala hapa, usimwambie aje. Ana shughuli zake. Angekuwa ananihitaji angeniita."

Hapo nikashindwa. Niliweka bakuli chini nikamwambia yote, simu ya kwanza, simu ya pili, na jinsi nilivyoona raha. Nilisema nikiwa nimeinamia shuka la zahanati, na nikagundua natazama doa ambalo halikutolewa vizuri.

Mama aliitazama dripu mpaka ikaisha na nesi akaja kuifungua. Nilidhani atanifukuza. Nesi alipoondoka akasema, "Umenifanya niuchukie upande mmoja wa tumbo langu."

Nikalichukua bakuli, nikaenda kuliosha.

Baadaye akaongeza, kwa sauti ndogo, "Nami nimekosa. Nikikaa nawe namsifu yeye, kwa sababu yeye simwoni. Nikizungumza naye nakusifu wewe. Mtu niliye naye najua yupo, sihangaiki kumtaja." Kisha akadai uji mwingine, wa moto.

Daktari wa zahanati amemruhusu kusafiri. Anasema hewa yenu kavu itamfaa, hasa kwa kuwa usiku unapoa na mwili unapata kupumzika. Lakini amenionya, nami nakuonya, maana wewe na shati lako kavu mnaweza kumpotosha mtu. Ukavu huiba maji mwilini bila mwenyewe kujua. Asisubiri kiu. Mpe maji kila mara hata akikukunjia uso, na asitoke nje kati ya saa tano na saa kumi, hata akikwambia anakwenda kuchungulia kuku tu. Nawe vilevile, unaposimama na chombo chako. Usijione umeshinda jua kwa sababu hulioni jasho lako.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilikunyima mama kwa miezi miwili na nikakuacha uamini kwamba amekukataa. Ukitaka kunipigia na kunitukana, nipigie baada ya saa kumi na mbili, duka likishafungwa, nitasikiliza mpaka uchoke na sitasingizia mtandao.

Mashuka hayataingia tena chumbani kwake. Fundi mwashi ametoboa madirisha mawili yanayotazamana, na mwenye duka amekubali sufuria la maji ya moto lihamishiwe uani baada ya nesi kuja mwenyewe kumweleza kwa sauti ile yake. Chumba kitamsubiri.

Nisalimie shemeji, mwambie zile suruali zake alizosahau huku bado ninazo na zimenyooka. Nisalimie mama mkwe wako. Chiriku na Bonge wapige busu mojamoja, na uwaambie mama mkubwa wao anawakumbuka. Fundi cherehani naye anakusalimu, anasema ukija umletee picha nyingine, maana ile ya kwanza Mama ameimaliza kwa kuionyesha. Mungu akulinde na jua la huko, akupe kivuli na maji ya kutosha, na akuwekee Mama wetu salama mikononi mwako.

Neno la mwisho. Sijapona wivu, usidhani. Kesho nitampakia Mama kwenye basi na nitarudi nyumbani nikinuna, kwa sababu wewe utakaa naye na mimi nitakaa na redio. Kwa hiyo nifanyie jambo moja. Yale ambayo Mama alikuwa akikwambia juu yangu kwenye simu, kama kweli aliyasema, niandikie. Usifupishe. Niandikie neno kwa neno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Dobi