Shokapu za Mama Neema

Jumanne

Nimemkosea Mama Neema. Aliniomba nibadilishe valvu ndani ya shokapu za gari lake, liwe laini, maana mumewe amepasuliwa mgongo. Nikaona uvivu. Valvu sikuzigusa, nilitia tu oili nzito, ambayo inazifanya ngumu zaidi. Nikakandamiza boneti mbele yake, gari halikudunda, akadhani ndiyo ulaini.

"Umeona, mama? Sharp!"

Akaniombea baraka.

Leo wamenipa lifti kutoka mtaa wa Sydenham, Mama Neema akiendesha, nikakaa nyuma na mumewe. Kila shimo lilitupiga kama tumepanda mkokoteni. Kumtazama, ameuma taulo. Taulo!

"Baba Neema, unaumia?"

"Sauti chini, fundi," akaninong'oneza. "Anaamini gari iko laini. Usimvunje moyo."

Kwenye robot, taa za barabarani zilipotusimamisha, Mama Neema akageuka akicheka. "Fundi, unasikia vile inateleza?"

Nikajibu, "Eeh, mama."

Eish. Nilijibu hivyo, na taulo naiona.

Ijumaa wanarudi hospitali. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nitazitoa shokapu zote nne, nizifungue mbele ya macho ya Mama Neema, nimwonyeshe zile valvu za zamani na kumwambia nilimdanganya. Halafu niweke valvu laini. Na Ijumaa nitakaa nyuma tena na Baba Neema, nione kama taulo inabaki kwenye mfuko wake bila kuumwa.