Neno "Nice" na Shamba la Mkata

Jumapili, Korogwe. Manyunyu tangu alfajiri. Nina hasira, na leo sitaki kuituliza.

Wiki iliyopita tuliitwa nyumbani Mkata kuzungumzia shamba la marehemu baba. Kaka Rajabu, mkubwa wetu, alianza kwa dua, akamaliza kwa kusema shamba watagawana wanaume, maana mimi nimeolewa huku Korogwe. Nilipotaka kusema, akatabasamu na kunitupia Kiingereza, eti niwe mpole: "Be nice, Zaina."

Nikanyamaza. Mimi, mwalimu wa Kiingereza.

Neno lile halikunitoka. Wanafunzi wangu hulitia kila mahali: chakula nice, safari nice, mwalimu nice. Jumatano nikalitafuta kwenye kamusi kubwa ya shule. Asili yake Kilatini, likapitia Kifaransa. Mwanzoni lilimaanisha mtu asiyejua kitu. Mjinga. Baadaye likawa mwenye haya, kisha mchaguzi wa vitu, na mwishoni ndipo likawa zuri, la kupendeza.

Kaka hakuyajua hayo, naamini. Lakini alichonitakia kilikuwa ile maana ya kwanza.

Jana nikarudi Mkata. Baba mdogo alikuwepo, na mama kwenye mkeka. Nikawaamkia wote, kisha nikasema dini imempa binti fungu lake, nusu ya la kaka yake, nami nalitaka. Nataka ardhi, si debe la mahindi la kuonewa huruma kila mavuno.

"Umebadilika sana, Zaina," kaka akasema.

"Sijabadilika, kaka. Nimekataa tu kujifanya sijui."

Halafu mama, ambaye tangu msiba hajatia neno kwenye kikao chochote, akasema taratibu, "Mpeni mwenzenu chake."

Baba mdogo akaamua: Ijumaa baada ya swala shehe atakuja kugawa, wote tukiwepo. Kaka akaondoka bila kuniaga.

Hilo limeniuma. Ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda shule njia ikijaa matope. Nampenda bado.

Ila radhi simwombi.

Wakiniita mkorofi, na waniite. Ijumaa nakwenda na mbegu za muhogo, na fungu langu likishapimwa, napanda siku hiyohiyo.